Habari Zipokewazo kwa Ndimi

Sifa zote njema zimemthubutikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad:

Ndugu zetu Waislamu, katika mambo yaliyogeuka sana zama zetu hizi ni ule umbali uliokuwako baina ya mtu mashuhuri na mtu wa kawaida. Zamani mtu wa Mombasa, au Malindi, au Lamu, alikuwa akilisikia jina la mtu mashuhuri kama alisikiavyo jina la mji asiopata kuufikia. Humsikia katika redio, au huiona picha yake gazetini, kisha basi. Akimsifu, sifa zake haziendi mbali. Na akimsema vibaya, maneno yake huishia pale pale barazani yalipoanzia. Leo mambo si hayo. Simu iliyo mkononi mwa kijana auzaye madafu pale Likoni yamwonyesha mtu mashuhuri akiwa nyumbani kwake, akila, akicheka na watoto wake, akifanya kazi yake. Na simu hiyo hiyo yampa kijana uwezo wa kumjibu, na kumsifu, na kumtukana, na kumzulia. Na neno lake likafika kabla kikombe cha kahawa hakijapoa.

Wako wasemao kuwa ukaribu huu ni neema, nasi hatukatai kuwa mna kheri ndani yake. Kijana aonaye kwa macho yake jinsi mtu hodari anavyoamka alfajiri na kujitesa kwa kazi, huenda naye akaacha uvivu. Lakini yatupasa tuulize: ukaribu huu umetupa nini, na nini haukutupa? Umetupa jicho la kumtazama mtu na ulimi wa kumfikia. Haukutupa ilimu ya kumjua. Na mtu apewapo ulimi pasi na ilimu, hapana shaka atadhulumu. Na hatajua kuwa amedhulumu mpaka siku atakayoletewa daftari lake.

Twataka leo tuitazame dhulma moja ya namna hii iliyotokea katika nchi yetu, ili tupate kujua imeanzia wapi, na sheria yasemaje juu yake, na aliyeshiriki atatokaje.

KISA CHA KAPTAGAT

Ainabkoi ni jimbo katika Kaunti ya Uasin Gishu, karibu na mji wa Eldoret. Katika jimbo hilo mna mahali paitwapo Kaptagat, penye misitu na baridi, juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Wengi wetu sisi watu wa pwani hatujapata kufika huko. Lakini wakimbiaji wa dunia nzima wapajua, kwani hapo ndipo ilipo kambi aliyofanyia mazoezi yake kwa miaka mingi Eliud Kipchoge, aliyezaliwa Nandi mwaka 1984. Mtu huyu alishinda mbio za marathoni katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na tena katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanywa mwaka 2021. Tarehe 12 Oktoba 2019, katika mji wa Vienna, aliumaliza mwendo huo wa kilomita 42 na ziada kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ijapokuwa haukuhesabiwa kuwa ni rekodi kwa namna mbio zile zilivyotengenezwa. Na tarehe 25 Septemba 2022, mjini Berlin, aliweka rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 1 na sekunde 9.

Watu wamemwona katika simu zao, naye yuko kambini, akifanya kazi za usafi kwa zamu kama mwenziwe yeyote. Wameyasikia maneno yake ya kuwapa vijana moyo, wameyapelekeana usiku na mchana. Ikawa mtu aliyeko Kisauni, ambaye hajapata hata kupita Nakuru, amtaja kwa jina lake la kwanza kama amtajavyo jirani aliyekua naye.

Kisha akatokea kijana, Kelvin Kiptum, mtu wa Chepkorio katika Kaunti ya jirani ya Elgeyo Marakwet. Tarehe 8 Oktoba 2023, katika mji wa Chicago, kijana huyu aliivunja rekodi ya Kipchoge kwa kukimbia saa 2 na sekunde 35. Watu wakawa wangojea siku watakayokutana hawa wawili katika Olimpiki ya Paris, mwaka 2024; na mitandaoni wakagawanyika makundi mawili kama wagawanyikavyo wapenzi wa mpira, hawa wamtukuza huyu na wale wamtukuza yule.

Siku hiyo haikuja. Usiku wa Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, yapata saa tano, gari alilokuwamo Kiptum liliacha njia huko huko Kaptagat, likaingia mtaroni, likagonga mti. Akafa yeye, umri wake miaka 24, akafa na kocha wake, Gervais Hakizimana, mtu wa Rwanda. Rekodi yake ilikuwa imethibitishwa siku 5 tu kabla ya usiku ule. Polisi walisema kuwa Kiptum mwenyewe ndiye aliyekuwa akiliendesha gari, na kwamba lilimshinda. Akazikwa tarehe 23 Februari huko Naiberi, si mbali na Eldoret.

Msiba haujapoa, yakazuka maneno mitandaoni kwamba Kipchoge ana mkono katika kifo cha kijana yule. Hapana aliyesema, "Mimi nimeona." Hapana aliyesema, "Mimi nilikuwako." Hapana polisi aliyemtuhumu, wala hakimu aliyemwita. Hoja yao yote ilikuwa hii: huyu alikuwa na rekodi, na yule akamnyang'anya, basi bila shaka huyu amemuua yule. Kwa kipimo hiki, ndugu zangu, kila mwenye duka ni muuaji siku atakapokufa mwenye duka la pili yake!

Mwezi wa Mei 2024 Kipchoge aliyaeleza mwenyewe kwa BBC yaliyompata. Alitishiwa kuwa kambi itatiwa moto, na nyumba yake, na mali yake iliyoko mjini, na watu wake. Watoto wake waliokuwa wakienda shule kwa baiskeli ikawa hapana budi wapelekwe na kurejeshwa, kwa kuchelea madhara. Wanawe wakasikia wakiambiwa kuwa baba yao ameua. Mama yake mzazi, aliyeko kijijini, akamwambia ajihadhari. Mwezi wa Machi alikwenda Tokyo kukimbia, akatoka wa 10. Naye alisema kuwa huko alikaa siku tatu asipate usingizi. Na katika marafiki zake, alisema, amepoteza kiasi cha asilimia 90.

Haya yalifanywa na nani? Hayakufanywa na majambazi wala na maadui zake wa zamani. Yalifanywa na watu wale wale waliokuwa wakimpenda katika simu zao, watu wa kawaida, wenye kazi zao na watoto wao. Wala tusijifariji kwa kusema kuwa haya ni mambo ya watu wa bara. Maneno hayo hayakusimama Eldoret. Yaliteremka Nairobi, yakateremka mpaka pwani, yakaingia katika makundi yetu ya jamaa, na ya mtaa, na ya harusi. Simu haina bara wala pwani.

KISA CHA IFKI

Jambo hili si geni katika dini yetu. Katika umma huu ulipata kuzuliwa uzushi mkubwa kuliko huu, na Mwenyezi Mungu akauteremshia aya zisomwazo mpaka Kiama. Hatumfananishi mtu yeyote na Mama wa Waumini, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie. Twafananisha uzushi na uzushi, na wazushi na wazushi.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akirudi kutoka katika vita vya Bani Mustaliq. Bibi Aisha akaachwa nyuma kwa ajili ya kidani chake kilichopotea, akakutwa na Safwan bin Muattal, akampandisha ngamia wake, naye akamwongoza kwa miguu mpaka wakalifikia jeshi. Hayo tu ndiyo yaliyoonekana. Abdullah bin Ubayy, mkubwa wa wanafiki, akayatia yasiyokuwamo. Na mji wa Madina ulikuwa mdogo, na nyumba ya Mtume iko wazi kwa watu, wote wamjua mwenye nyumba ile na watu wake; ukaribu uliokuwako baina yao ulikuwa ukaribu wa kweli, si huu wetu wa picha. Na juu ya hayo wako Waislamu wema walioteleza. Yakapita kiasi cha mwezi mzima watu wanasema, na Bibi Aisha yu mgonjwa kitandani wala hana habari, mpaka alipoambiwa na Ummu Mistah. Akalia, hatta akaona kilio kitampasua ini.

Kisha zikateremka aya za Suratun Nur, tangu ya 11. Ndani yake, katika aya ya 15, liko neno ambalo wanavyuoni wamelisimamia sana. Mwenyezi Mungu anawalaumu wale watu kuwa waliipokea habari ile kwa ndimi zao. Ajabu! Habari hupokewa kwa masikio. Sikio hulipeleka neno moyoni, na moyo hulipima, na ndipo ulimi ukasema au ukanyamaza. Lakini watu hawa neno halikupita masikioni wala halikutua moyoni; liliingia katika ulimi na likatokea katika ulimi. Na katika aya hiyo hiyo Mwenyezi Mungu akawaambia ya kuwa walilidhania hilo kuwa ni jambo jepesi, nalo kwake Yeye ni kubwa mno.

Basi nani aliyeiona simu ya leo asiifahamu aya hii? Mtu yuko katika matatu, anapokea ujumbe, hausomi mpaka mwisho, kidole chake kimekwisha upeleka kwa wengine. Imam Ghazali ametaja katika Ihyaa, katika mlango wa maafa ya ulimi, kuwa kusengenya hakuwi kwa kinywa peke yake, na kwamba kalamu nayo ni ulimi wa pili. Na kidole kigusacho simu leo ni kalamu, tena kalamu isiyotafuta wino wala karatasi.

Katika kisa hicho hicho mna na watu waliofuzu, nasi twatakiwa tuwafuate hao. Abu Ayyub Al-Ansari alipoulizwa na mkewe kama ameyasikia wasemayo watu, alimwuliza naye: je, wewe ungeweza kulifanya jambo hilo? Mkewe akasema la, wallahi. Akamwambia basi Aisha ni bora kuliko wewe. Yeye alilipima neno kwa nafsi yake kabla ya kulichukua, na ndivyo alivyofundisha Mwenyezi Mungu katika aya ya 12 ya sura hiyo. Na Bibi Zainab bint Jahsh, aliyekuwa mke mwenziwe Aisha, na mwenye kushindana naye katika cheo kwa Mtume, alipoulizwa alilinda sikio lake na jicho lake, hakusema juu yake illa kheri. Kushindana hakukumfanya adui. Na ukimwona mtu adhani kuwa washindanao lazima wauane, jua kuwa anatangaza yaliyomo ndani ya moyo wake mwenyewe.

SHAKA NA MAJIBU YAKE

Akikatazwa mtu jambo hili, huleta moja katika hoja nne. Tutazitaja zote na tutazijibu.

Hoja ya kwanza: "Mimi sikuzua. Nimepeleka tu kama nilivyopokea." Hii ndiyo hoja iliyo mashuhuri kuliko zote, nayo ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote. Katika hadithi sahihi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume ametufundisha ya kuwa yamtosha mtu kuwa mwongo akawa asimulia kila alisikialo. Hakusema "kila alizualo", amesema alisikialo. Na katika Sahihi ya Bukhari, katika hadithi ya Samura bin Jundub, Mtume ameeleza aliyoyaona katika ndoto yake, na ndoto za Mitume ni wahyi: mtu amekaa, na mwingine amesimama juu yake na chuma chenye ncha iliyopindwa, ampasua shavu lake mpaka kisogoni, kisha shavu la pili, na la kwanza likisha kupona hurudiwa. Akaambiwa kuwa huyo ni yule asemaye uongo, ukachukuliwa kutoka kwake mpaka ukazifikia pembe za dunia. Na ndivyo atakavyofanywa mpaka Kiama.

Zamani tulipokuwa tukiisoma hadithi hii kwa mashekhe zetu tulikuwa tukijiuliza: ni uongo gani huo wa mtu mmoja ufikao pembe za dunia? Leo hapana aulizaye. Fanya hesabu wewe mwenyewe. Mtu apeleke neno kwa watu 5, na kila mmoja wao apeleke kwa 5 wengine. Ifikapo hatua ya nane, wanaolipokea kwa hatua hiyo peke yake ni watu 390,625. Kila mmoja katika wao asema "nimepeleka tu", na kila mmoja ni kiungo cha mnyororo ule; lau angesimama mmoja katika wa mwanzo, maelfu wangesalimika.

Na la kutuhizi ni hili. Wenye kampuni ya WhatsApp, ambao shughuli yao ni biashara, waliiona hatari hii. Mwaka 2019 wakaweka kizuizi duniani kote, mtu asiweze kuupitisha ujumbe kwa zaidi ya watu au makundi 5 kwa mara moja. Na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha pitishwa mara nyingi ukazuiliwa usipite illa kwa mmoja mmoja. Hao wameweka kizuizi katika chombo chao. Na sisi tulioletewa kizuizi katika Suratul Hujurat, aya ya 6, ya kwamba ajapo mtu asiyeaminika na habari tuipeleleze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta, kizuizi chetu kiko wapi?

Hoja ya pili: "Mimi sikusema kuwa ni kweli. Niliuliza tu." Twasema: kupeleleza kulikoamrishwa ni kumwuliza ajuaye, kwa siri, ili upate yakini. Ama kumwuliza asiyejua, mbele ya watu mia mbili wasiojua, si kupeleleza. Ni kutangaza kwa sauti ya kuuliza. Atakayesimama sokoni akapaza sauti, "Je, ni kweli kuwa binti wa fulani ni mzinifu?" hataachwa na kadhi kwa kuwa mwisho wa maneno yake aliweka alama ya kuuliza.

Hoja ya tatu, na hii nimeisikia kwa watu wavaao kanzu: "Mtu mwenyewe si Muislamu, na kilichokatazwa ni kumsengenya Muislamu." Inna lillahi! Watu hawa hawakuisoma Suratun Nisaa. Aya za 105 mpaka 112 wafasiri wengi wamepokea sababu ya kuteremka kwake kuwa ni mtu katika watu wa Madina, ajitiaye katika Uislamu, aliyeiba deraya, na alipohofu kufedheheka akamtupia wizi ule Myahudi. Jamaa zake wakamwendea Mtume kumtetea, kwa kuwa yule ni mwenzao na yule mwingine ni Myahudi. Qurani ikateremka kutoka juu ya mbingu saba kumtakasa Myahudi yule, na kumtahadharisha Mtume asiwe mtetezi wa mahaini, na kubainisha kuwa atendaye kosa kisha akamtupia asiye na hatia amejibebesha buhtani na dhambi iliyo wazi. Na katika Suratul Maida, aya ya 8, tumekatazwa chuki ya watu isituondoe katika uadilifu. Ikiwa tuwachukiao yatupasa tuwafanyie haki, itakuwaje kwa mtu ambaye hakutukosea kitu, na ambaye jana tulikuwa tukimpigia makofi?

Hoja ya nne: "Mtu mashuhuri amejitoa mwenyewe mbele ya watu, basi avumilie." Hapa yapasa tupambanue. Mwenye kukimbia mbele ya watu ametoa mbio zake. Ukisema leo amekimbia vibaya, umesema uliloliona. Mwenye kutawala watu amechukua amana yao. Na Imam Nawawi ametaja katika yaliyoruhusiwa kuwa aliyedhulumiwa amshitaki aliyemdhulumu kwa mwenye uwezo wa kumpatia haki yake. Hatuwaambii watu wanyamazie dhulma. Kunyamazia dhulma nako ni dhambi. Lakini mshitaki hutakiwa ushahidi, hata akimshitaki mfalme. Umashuhuri haukuifanya damu ya mtu kuwa halali, wala heshima yake, wala usingizi wa watoto wake. Na wale watoto wa baiskeli, wao walijitoa lini mbele ya watu?

MZIZI WA JAMBO

Mzizi wa haya, kwa tuonavyo, ni kupita mpaka katika kuwatukuza watu. Mtume mwenyewe, aliye bora wa viumbe, ametukataza tusimtukuze kupita mpaka kama walivyofanya Wakristo kwa Nabii Isa, amani zimshukie. Na imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali kuwa yampasa mtu ampende ampendaye kwa kiasi, na amchukie amchukiaye kwa kiasi, kwani huenda mambo yakageuka. Simu hii haijui kiasi. Leo mtu ni malaika, kesho ni shetani, na hakuna siku aliyokuwa mwanaadamu. Vijana wetu wajua chakula cha mchezaji, na gari la mwimbaji, na mchumba wa fulani aliyeko Dar es Salaam, na jirani yao aliyelala na njaa ukuta kwa ukuta hawajui jina lake. Ukaribu gani huu umsogezao wa mbali ukamsukuma wa karibu?

Tena ulimi uliozoea kumla mtu wa mbali haukomi kwake. Ukimaliza wakimbiaji na waimbaji utarudi nyumbani. Ni yule yule aliyepeleka habari ya Kaptagat pasi na kuona, ndiye kesho atakayepeleka picha ya binti wa mtaani, au maneno juu ya mwalimu wa chuo, au juu ya muuza duka kuwa nyama yake si halali. Na binti hana BBC ya kumsikiliza. Mwalimu hana rekodi ya dunia ya kumtetea. Duka likisha kufungwa halifunguliwi kwa maneno ya samahani.

TOBA YAKE

Basi aliyeshiriki katika haya, afanyeje? Imam Nawawi, katika Riyadhus Salihin, ameeleza kuwa toba ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina sharti tatu: aiache, ajute, na aazimie kutoirudia. Na ikiwa dhambi yahusu haki ya mwanaadamu, huongezeka sharti ya nne, nayo ni kujitoa katika haki ya mwenyewe. Wengi wetu husimama katika tatu za mwanzo. Mtu husema astaghfirullah, akaendelea na safari yake, na neno lake liko pale pale likisomwa.

Kujitoa katika haki hii ni hivi. Kwanza, kama neno lako liko mahali ambapo waweza kulifuta, lifute leo, usingoje kesho. Pili, rudi mahali pale pale ulipolipeleka, kwa watu wale wale, useme waziwazi: nililopeleka siku fulani halikuwa na ushahidi, nami nalikanusha. Ulipokuwa ukipeleka hukuona haya. Basi haya isikuzuie katika kurejesha. Tatu, atajwapo mtu yule mbele yako kwa uzushi ule, mtetee, kwani kumtetea aliyedhulumiwa ni malipo ya kumdhulumu. Nne, kama aliyedhulumiwa ni jirani yako, nenda kwake ukamtake radhi kwa kinywa chako.

Na kabla ya kupeleka neno lolote, jiulize mambo matatu. Ni nani aliyeona? Ikiwa humjui, nyamaza. Lau ningekuwa mimi au mama yangu, ningelipenda lipelekwe? Ikiwa la, nyamaza. Na likiwa ni kweli, kulipeleka kwaleta maslaha gani? Ikiwa hapana, nyamaza pia, kwani Mtume amebainisha kuwa kumtaja mtu kwa alichukialo, nacho kimo ndani yake, ndiko kumsengenya; na kama hakimo, hiyo ni buhtani. Katika njia hizo mbili hapana iliyo salama.

Enyi ndugu, mnaijua hadithi ya mufilisi. Atakuja siku ya Kiama na sala na saumu na zaka, naye amemtukana huyu, na amemzulia huyu. Watachukua katika mema yake mmoja baada ya mmoja, na yakisha kwisha atatwikwa maovu yao. Fikiria basi mtu wetu wa pwani, aliyesali tarawehe zake zote na akafunga sita zake za Shawwali, amesimama siku hiyo, na anaitwa mdai wake. Anatazama kulia na kushoto akimtafuta jirani aliyegombana naye. Hatakuwa jirani. Atakuwa mtu wa mbali, wa Kaptagat, ambaye hakupata kuonana naye wala kusemezana naye duniani. Na haki yake iko shingoni mwake, kwa ajili ya neno alilolipeleka usiku mmoja huku akisinzia.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuhifadhi ndimi zetu na vidole vyetu, na atujaalie katika wale walisikiao neno wakafuata lililo jema lake. Na amsamehe aliyetubia katika sisi, na amrejeshee kila aliyedhulumiwa utulivu wa nyumba yake. Amin.

Wallahu aalam. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.